Bega Lililoguswa Mara Mbili

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imeziba madirisha ya chini ya ukumbi wa mazoezi, Kocha Nagumo alimgusa Chizuru bega. Alimgusa mara mbili, kwa vidole vinne, akasema, "Kuramochi, wiki ijayo tuongee kidogo. Pole na kazi." Kisha akaenda zake kuzima taa za upande wa pili.

Chizuru Kuramochi alibaki amesimama na taulo shingoni. Miaka kumi na mitatu amecheza mpira wa vinyoya chini ya mtu huyu, na hata siku moja hajawahi kuguswa naye, hata alipoanguka kule Osaka akateguka mguu. Nagumo akitaka kukurekebisha mkono hukusukuma kwa mpini wa raketi, kutoka mbali, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Leo bega, tena mara mbili, na juu yake tuongee kidogo.

Pale Himi, kama kote Japani, mkubwa wa kazi hagusi bega la mtu hivi hivi. Hasa mwezi wa pili na wa tatu, mwaka wa kazi unapokaribia kufungwa. Akikugusa bega akakwambia tuongee kidogo, ujue unaombwa uondoke bila kuambiwa ondoka. Watu hawasemi fulani kafukuzwa. Wanasema fulani kaguswa bega, na wanaendelea kunywa chai yao.

Na Chizuru hakutaka kuondoka, si mwaka huu. Mashindano ya timu za kampuni ya mwezi wa sita yalikuwa yamepangiwa Yokote, mji aliozaliwa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kula kwa jasho la raketi. Mama yake alishatangaza mtaa mzima. Baba yake, mpasua mbao ambaye hajamwona akicheza tangu sekondari, alikuwa ameuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama viti vya ukumbi huo vina mgongo wa kuegemea. Chizuru alikuwa na miaka thelathini na moja na goti la kulia linalolalamika kila akipanda ngazi. Alichotaka ni mwezi wa sita tu. Baada ya hapo wamguse bega, wamguse na kichwa wakipenda.

Mchezo wenyewe aliuanza darasa la pili, ndani ya ukumbi wa shule, kwa sababu nje theluji ilikuwa imempita mwalimu kimo na hapakuwa na pa kuwapeleka watoto. Kufika darasa la sita alikuwa namba moja wa shule, mpaka asubuhi aliposoma ubaoni orodha ya wachezaji wanaokwenda mkoani, jina lake halimo. Mwalimu alikuwa amembadilisha siku tatu nyuma. Wenzake wote walijua, na siku tatu hizo walicheka naye na kula naye kama kawaida. Hakulia. Lakini tangu hapo Chizuru hakumwamini tena mtu anayemchekea bila sababu.

Na usishangae, ugonjwa huo ndio uliomlisha. Mchezo wa mmoja kwa mmoja ni kazi ya mtu mwenye shaka. Mpinzani anainua mkono, bega linazunguka, kila kitu kinakwambia kombora linakuja. Wewe unarudi nyuma mbio, na yeye anageuza tu kifundo cha mkono, kinyoya kinadondoka chini ya wavu, unabaki unakitazama. Chizuru hakuamini bega la mtu yeyote. Alingoja kifundo, sekunde ile ya mwisho kabisa, ndipo akatoka.

Kwa shaka hiyo alichukuliwa na kiwanda cha mikate ya samaki cha Himi akiwa na miaka kumi na minane, mwezi wa nne ule ule Nagumo alipoajiriwa kuwa kocha. Kwa shaka hiyo alipanda mpaka akawa wa tisa nchi nzima, akapelekwa Jakarta mara mbili na Denmark mara moja, akatolewa raundi ya pili mara zote tatu. Mwaka mmoja alifika fainali ya kampuni akashindwa kwa pointi mbili. Nyota hakuwa, tuseme ukweli. Gazeti la mkoa liliwahi kuandika jina lake kwa herufi zisizo zake. Ila wasichana waliopangiwa naye raundi ya kwanza walikuwa wakiiona ratiba wananuna.

Sasa Ijumaa. Wachezaji wa kiwanda hicho hufanya kazi asubuhi kama watu wengine, mchana ndio huenda ukumbini. Chizuru alikuwa mezani akifunga mikate ya samaki ya harusi, ile yenye umbo la changu mwekundu, ubavuni mwa Mama Yoshie ambaye yuko pale tangu kiwanda kina paa la mabati. Alikuwa ameapa hatasema neno. Changu wa tatu hajafungwa, kasema.

"Mama Yoshie, mkubwa akikugusa bega..."

Mikono ya Mama Yoshie ikasimama. "Nani kakugusa?"

"Nauliza tu."

"Haya, uliza tu. Bega gani?"

"La kulia."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mh, mwanangu." Mama Yoshie akaivuta kofia yake ya plastiki nyuma ya masikio ili asikie vizuri. "Mume wangu aliguswa Jumanne. Ijumaa alikuwa nyumbani ananipangia vyombo vyangu upya. Na akasema nini, huyo mgusaji?"

"Wiki ijayo tuongee kidogo."

"Kidogo! Hiyo kidogo ndiyo yenyewe. Usikubali kukaa naye peke yenu. Utaingia una kazi, utatoka umeshakubali kuondoka na hujui ulikubali saa ngapi."

"Labda ni habari ya goti langu."

"Na labda mimi ni malkia. Funga samaki, msimamizi anatuangalia."

Mchana Chizuru aliingia chumba cha kubadilishia nguo na maneno hayo kichwani. Alipofungua mlango, maongezi yakakatika. Wasichana sita walikuwa wamejibana kwenye benchi moja, na Wakana, mdogo wao wa miaka kumi na tisa, akaficha kitu nyuma ya mgongo, upesi kuliko anavyokimbilia kinyoya uwanjani.

Masikini Wakana, alisahau kwamba nyuma yake kuna kioo. Chizuru aliona mle kiooni pembe nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akaijua. Ni ile kadi ngumu ya mraba. Mtu akiondoka mahali, wenzake wanaiandika wote kwa mzunguko, kila mmoja na kalamu yake ya rangi, na jina la anayeondoka linakaa katikati. Katikati palifunikwa na kiganja cha Wakana. Lakini pembeni, kwa wino wa kijani, palisomeka kumi na tatu. Namba hiyo kwa maandishi ya kwao ni msalaba na chini yake mistari mitatu iliyolala, hata kioo hakiwezi kuigeuza.

"Nini hiyo?" Chizuru akauliza.

"Ipi, dada?"

"Hiyo iliyo mgongoni kwako."

"Ah, hii. Ni... ni mwongozo wa kunyoosha misuli."

"Una ukingo wa dhahabu."

"Siku hizi wanatengeneza vizuri, dada."

Wenzake wakacheka, na wakacheka mno. Chizuru akaketi kufunga kamba za viatu huku akiwahesabu mmoja mmoja. Aliyemfuata kwa kukaa muda mrefu kwenye timu alikuwa na miaka mitano. Mwenye kumi na mitatu ni yeye. Alikumbuka ubao wa darasa la sita na wale watoto waliokula naye siku tatu, na moyo ukamuuma kweli kweli.

Ukumbini Nagumo akampanga na Wakana. "Kuramochi, leo usicheze kumshinda," akasema. "Mwangalie. Akikosea msimamishe, umwambie."

Kocha akasimama pembeni na daftari. Na Chizuru, ambaye kazi yake ni kuona, akaona kwamba Nagumo hamtazami Wakana hata kidogo. Anamtazama yeye, na anaandika. Anapima nimebakiza nini, Chizuru akawaza. Tena anataka nimfundishe mwenyewe huyo atakayekalia kiti changu. Damu ikampanda. Akamshinda binti wa watu kwa pointi ishirini na moja kwa nne, bila kumsimamisha mahali.

"Nilisema umfundishe," Nagumo akasema.

"Nimemfundisha."

"Nimefundishika, Kocha," Wakana akasema, amelala chali sakafuni.

Nagumo alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaufunga, akaandika kwenye daftari. Ndivyo alivyo. Mtu huyu angeunguliwa na nyumba angekuambia leo kuna joto kidogo.

Jumamosi ikaleta ushahidi mwingine. Chizuru alipita mbele ya ofisi ndogo ya ukumbini, mlango uko wazi, akamwona Nagumo amepiga magoti anapanga madaftari ya mazoezi ndani ya maboksi. Daftari lililokuwa juu kabisa lilikuwa lake, la kijivu, lenye doa la kahawa. Wanalifungia na daftari langu, akajiambia. Kuanzia hapo hakuwa na swali tena. Bega, kadi, Wakana, daftari, vyote vilielekea upande mmoja, na mtu aliyekula miaka yote hiyo kwa kutoamini akaviamini vyote kwa pamoja.

Jumapili alikaa na goti lake juu ya mto akafikiri. Kama ni kuondoka ataondoka kwa miguu yake. Hatakaa kwenye kiti cha ofisini akingoja mwanamume mwenye haya amtafutie maneno. Hatasimama tena mbele ya ubao akisoma kitu ambacho wote wameshakisoma. Akatoa karatasi nyeupe na kalamu ya brashi akaandika barua ya kuacha kazi. Barua hizo hazina ufundi, za wote zinafanana: kwa sababu zangu binafsi, naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi wa tatu. Hata mtu akifukuzwa na mbwa wa mkurugenzi ataandika sababu zangu binafsi. Alipofika kwenye tarehe alikumbuka Yokote, na viti vya baba yake, akalia kidogo. Kisha akaandika tarehe.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvaa kofia ya plastiki, alivuka uwanja wa theluji hadi jengo la ofisi akasimama mbele ya Bwana Sakatani, mkuu wa mambo ya wafanyakazi. Akainama, akaitoa bahasha kwa mikono miwili. Sakatani akaipokea kwa mikono miwili, akasoma maneno ya juu yake.

"Nagumo anajua?" akauliza.

"Anajua vizuri sana, mkuu."

"Alizungumza na wewe?"

"Alinigusa bega."

"Ah," Sakatani akasema, akielewa kile ambacho mtu yeyote pale angeelewa. Uso wake ukalegea kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. "Umetusaidia sana, Kuramochi. Pole kwa kazi ya miaka yote hii." Akatoa muhuri wake kwenye mtoto wa meza, akaugonga kwenye barua, akamkabidhi karani aipeleke ghorofa ya tatu. Hakuuliza swali lingine, na Chizuru alichukia jinsi ambavyo hakuuliza.

Mchana, chumba cha kubadilishia nguo, safari hii hakuna aliyeficha kitu. Wakana alikuja na kadi kwa mikono miwili, anatabasamu, macho yanang'aa.

"Dada, samahani kwa ule uongo wa Ijumaa. Kocha alitukataza tusikuambie mpaka leo, alisema atakuambia yeye mwenyewe kwanza. Lakini Kocha tunamjua, atafika keshokutwa bado anatafuta neno. Umebaki wewe tu. Tumekuachia nafasi kubwa, hii hapa chini ya jina, kwa sababu mlianza pamoja."

Chizuru akaitazama kadi. Katikati, kwa brashi nyeusi, paliandikwa: Kocha Nagumo. Pembeni, kwa wino wa kijani: miaka kumi na mitatu, asante kwa yote.

Alitoka na kadi mkononi, soksi miguuni, hadi chumba cha vifaa. Nagumo alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi anafunga nyuzi za raketi, ya Chizuru, ile ya akiba.

"Unaondoka," Chizuru akasema.

Nagumo akaiona kadi. "Wamekuonyesha. Niliwaambia wangoje."

"Kwa nini unaondoka?"

Nagumo akavuta uzi, akaukaza, akaufunga. Alisema akiitazama raketi. "Juu walitaka mmoja apungue. Walitaka mwenye miaka mingi na goti bovu. Wakaniambia nikuguse bega. Nikawaambia siwezi, heri niondoke mimi, wewe uchukue filimbi. Uwe kocha na mchezaji, na mwezi wa sita ucheze Yokote. Wakakubali. Nilikuwa nangoja karatasi ipite ndipo tuongee. Ijumaa nilitaka kuona unafundishaje." Akasita. "Unafundisha vibaya. Lakini utajifunza. Madaftari yote nimekupangia kwenye maboksi, lako nimeliweka juu."

"Alhamisi ulinigusa."

"Nilikuona unafunga goti peke yako kule pembeni, unatuficha. Nilitaka kusema vumilia, ni miezi minne tu. Neno halikuja. Mkono ukaenda."

"Mara mbili."

"Nilikugusa mara mbili?" Alionekana kushangaa kweli. "Miaka yote sijagusa mtu, Kuramochi. Sijui wanavyofanya."

Chizuru akakaa juu ya boksi la vinyoya, maana goti lilikuwa limekataa. "Nimepeleka barua," akasema. "Leo asubuhi. Sakatani amegonga muhuri."

Raketi ikashuka mapajani mwa Nagumo. "Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nagumo akaweka raketi chini, akainuka kwenda ofisini. Aliondoka bila koti. Chizuru akabaki mle ndani na harufu ya gundi na manyoya ya bata, akisikia wasichana wakianza kupasha misuli moto, Wakana akiwahesabia kwa sauti. Ilipita nusu saa. Nagumo aliporudi alikuwa na theluji mabegani na hakuipangusa.

"Mihuri mitatu," akasema. "Imeshafika kwa mkurugenzi. Nimewaambia ulikosea, wakaniuliza ulikosea nini. Sakatani anasema ulimwambia mwenyewe kwamba nilikugusa bega."

"Nilimwambia."

"Basi mimi nikaomba ya kwangu irudi, angalau abaki mmoja wetu na wale watoto. Wamesema nayo imeshapita, hairudi."

Kampuni iliomba mmoja, ikaletewa wawili hadi mezani, na kwa adabu. Nani angerudisha? Chizuru angeweza kumlaumu Sakatani, au Mama Yoshie na mume wake wa vyombo, au huyu mzee wa watu aliyelowa mbele yake. Alijaribu kidogo, hasira haikukaa. Katika maisha yake yote alikuwa amengoja kifundo cha mkono kabla ya kutoka. Siku moja tu alikimbilia bega, na bega lenyewe lilikuwa lake.

Akachukua kalamu kwenye kopo la kocha, akaiweka kadi juu ya goti zima. Nafasi waliyomwachia ilikuwa kubwa kweli, ingeingia barua. Akaandika maneno matatu: Laiti ningekuuliza, Kocha. Akampa palepale, bila sherehe. Nagumo akaisoma muda mrefu, akainama, na Chizuru akainama.

Jumatano alipiga simu Yokote. Baba ndiye aliyepokea, jambo ambalo halitokei.

"Nimekwenda kuangalia," mzee akasema kabla hata ya salamu. "Viti vina mgongo."

"Vizuri, baba."

"Nimechagua vya upande wa dirishani. Tutakuona vizuri mimi na mama yako."

"Vichague vitatu," Chizuru akasema. "Nitakaa nanyi."

Msumeno ulisikika ukikata nyuma ya mzee. Mwishowe akauliza goti linaendeleaje.

Alhamisi, wiki moja kamili tangu lile bega, Chizuru alifika mazoezini akiwa amechelewa. Alifungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, maongezi yakakatika. Wasichana sita walikuwa wamejibana kwenye benchi, na Wakana akaficha kitu nyuma ya mgongo. Alikuwa amesahau kioo tena. Mle kiooni kadi ilikuwa mpya, bado nyeupe karibu yote, ina jina tu katikati, kinyumenyume, na Chizuru akalisoma bila taabu.

"Ni mwongozo wa kunyoosha misuli, dada," Wakana akasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Najua," Chizuru akasema. "Siku hizi wanatengeneza vizuri." Akaketi kwenye benchi, akawapa mgongo ili waendelee kuandika, akaanza kufunga goti.